Bawa, Fumbatio na Mguu Mmoja: Historia ya Kumtambua Nondo wa Viwavijeshi

Mwishoni mwa mwaka 2016 viwavi waliingia kwenye mahindi machanga ya Zambia, na mwanzoni wengi hawakuona ajabu. Viwavijeshi ni adui wa siku nyingi mashariki na kusini mwa Afrika: huja na mvua za kwanza, hutafuna kila jani lililo mbele yao, kisha hutoweka. Serikali ikatafuta viuatilifu na ndege za jeshi la anga zikavipeleka mikoani. Ila safari hii wako viwavi ambao hawakutembea kwa makundi juu ya majani. Walijichimbia ndani ya moyo wa mhindi, wakajiziba kwa kinyesi chao, na dawa iliyopulizwa juu ikashindwa kuwafikia.

Msimu ule eneo hilo lilikuwa na viwavijeshi wa aina mbili kwa wakati mmoja. Wa kwanza, Spodoptera exempta, ni mwenyeji wa Afrika. Wa pili, Spodoptera frugiperda, asili yake ni bara la Amerika, na kabla ya mwaka huo hakuwa ameripotiwa kwenye shamba lolote la Afrika. Watanzania baadaye walimwita kiwavijeshi vamizi. Viwavi wachanga wa spishi hizi mbili ni vigumu kuwatofautisha kwa macho, na nondo wao ni wa kijivu na kahawia, wasio na urembo wowote wa kumvuta mpita njia.

Kuwachanganya, hata hivyo, ni hasara. Exempta ni msafiri. Akishamaliza shamba huingia ardhini na kuwa pupa, kisha nondo wake hupaa na upepo mamia ya kilomita kufuata mvua. Frugiperda akishafika habanduki, huzaana mwaka mzima palipo na joto na mahindi. Kirusi kinachoua exempta, ambacho kimefanyiwa majaribio Tanzania kama kiuatilifu cha asili, ni cha exempta na si cha mgeni. Kidonge cha harufu kilichotengenezwa kumvutia dume wa spishi moja hakifai kuhesabia nyingine. Kwa hiyo mkulima hawezi kuuliza ampige kwa dawa gani kabla hajajua yupo nani shambani.

Jibu la maabara lilikuwa limeshatoka miezi michache kabla. Mapema mwaka 2016 mahindi ya Afrika Magharibi, Nigeria ikiwamo, yalishambuliwa vikali, na kisiwa cha São Tomé vilevile. Georg Goergen, mtaalamu wa wadudu katika kituo cha Benin cha Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, IITA, aliongoza timu iliyochapisha matokeo Oktoba ya mwaka huo: huyu ni frugiperda, na sampuli za Nigeria na São Tomé zina angalau nasaba mbili tofauti, jambo linalodokeza kuwa aliingia Afrika zaidi ya mara moja. Ushahidi wao ulikuwa wa umbo la mdudu na wa DNA yake. Leo njia hizo mbili hutajwa pamoja kama mke na mume. Zilikutana uzeeni, na ndoa yenyewe ilianza kwa ugomvi.

Majina rasmi ya nondo huanzia mwaka 1758, Carl Linnaeus wa Sweden alipotoa chapa ya kumi ya Systema Naturae. Vipepeo wa mchana aliwatia katika jenasi moja, Papilio. Nondo wakubwa wenye miili minene aliwaita Sphinx, na waliobaki akawarundika katika Phalaena. Hakuwaacha hivihivi lakini. Katika kundi moja la Phalaena, wenye papasi zilizochanua matawi walipewa majina yanayoishia na -aria, na wenye papasi laini wakapata -ata. Vinondo vidogo vya jamii ya wale wanaokula nguo viliishia na -ella. Aliyesoma jina alijua pa kutazama. Ulikuwa mpango mzuri kwa mtu mwenye nondo mia chache mezani.

Baada ya Linnaeus na mwanawe kufariki, mkusanyiko wake wote ulinunuliwa mwaka 1784 na Mwingereza wa miaka 24 aliyekuwa bado anasomea udaktari, James Edward Smith. Miaka minne baadaye Smith alianzisha jijini London jumuiya ya wanasayansi inayobeba jina la Linnaeus hadi leo. Na ni Smith huyohuyo aliyempa frugiperda jina, mwaka 1797, katika kitabu cha picha kuhusu vipepeo na nondo wa Georgia, Marekani. Yeye hakuwahi kumwona mdudu huyo shambani. Picha zilichorwa na John Abbot, Mwingereza aliyehamia Georgia na kukaa huko maisha yake yote akikusanya na kuchora.

Abbot anastahili sifa kuliko anazopewa. Alimlea kiwavi, akamchora juu ya mmea anaoula, kisha akamchora nondo aliyetoka humo, vyote kwenye ukurasa mmoja. Makabati ya makumbusho yalilisahau jambo hilo kwa muda mrefu uliofuata. Huko kilichothaminiwa ni nondo mkavu aliyetungwa kwenye pini, mabawa yametandazwa, kiwavi wake hajulikani, chakula chake hakijulikani.

Jenasi Spodoptera yenyewe iliundwa mwaka 1852 na Achille Guenée, wakili wa Kifaransa aliyekuwa akisoma nondo. Wakati huo meli zilikuwa zikishusha masanduku ya wadudu bandarini Ulaya kutoka kila pembe ya dunia, na makumbusho yalizidiwa. Makumbusho ya Uingereza yalimpa Francis Walker kazi ya kuorodhesha nondo wake. Orodha hiyo ilitoka katika sehemu 35 kati ya mwaka 1854 na 1866, na humo, katika miaka ya 1850, ndimo exempta alimopata jina. Walker aliandika kwa haraka ya kutisha: mistari michache kuhusu rangi ya bawa, bila mchoro, na nondo mmoja alibatizwa mara mbili, tatu, hata zaidi. Alipofariki mwaka 1874, jarida moja la wadudu la Uingereza lilitoa tanzia ambayo badala ya kumlilia ilihesabu madhara aliyoiletea taaluma.

Hukumu ile ilipita kiasi. Maelezo ya Walker ni mabovu, lakini vielelezo alivyovipa majina vilitunzwa, na kwa kuwa vipo, waliomfuata waliweza kuvifungua upya na kurekebisha. Wapo walioandika vizuri zaidi yake na vielelezo vyao vikapotea. Hao ndio wanaoumiza vichwa vya watu.

Sir George Hampson alikuja baadaye na subira zaidi. Alikuwa amelima chai kwenye milima ya Nilgiri, kusini mwa India, kabla ya kurudi London na kuhamia kabisa kwenye nondo. Kuanzia mwaka 1898 alitoa juzuu baada ya juzuu ya katalogi ya nondo wa makumbusho yaleyale, akitegemea mishipa ya mabawa kupanga familia na jenasi. Mwaka 1910 alimpa jina Sesamia calamistis, bungua anayetoboa mabua ya mahindi katika nchi nyingi za Afrika. Enzi hizo ndizo za ukoloni kushika kasi, na wadudu walionaswa Mombasa, Kilimanjaro au Usambara walisafiri kwenda London na Berlin. Sehemu kubwa ya vielelezo vinavyobeba majina ya nondo wa Afrika Mashariki bado iko Ulaya.

Tatizo la mabawa ni kwamba hudanganya. Magamba yake hupukutika kila nondo anaposhikwa. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kutoka mmoja mweusi na mwingine wa rangi ya majivu. Katika Spodoptera dume na jike mara nyingi hawafanani: dume wa frugiperda ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa, jike hana. Kisha wapo nondo wa spishi tofauti kabisa wanaofanana kiasi cha kuwashinda hata wazoefu.

Wachunguzi wakageukia fumbatio. Tayari mwaka 1844 Mfaransa Léon Dufour alikuwa ametoa hoja kwamba via vya uzazi vya dume na jike wa wadudu hulingana ndani ya spishi moja tu. Hoja yake imepingwa mara nyingi na leo haikubaliki kama alivyoisema. Lakini kwa kazi ya kutambua ilizaa matunda, kwa sababu viungo hivyo vigumu hutofautiana waziwazi hata pale mabawa yanapofanana.

Kazi yenyewe haijabadilika sana kwa miaka mia. Fumbatio la nondo mkavu huvunjwa kwa koleo ndogo na kuchemshwa katika maji ya potasi hadi nyama na mafuta viyeyuke na kubaki gamba tupu. Magamba husuguliwa kwa brashi laini chini ya darubini. Viungo vya dume hutolewa, vile vibawa viwili vya kumshikia jike hufunguliwa, mrija wa kati huwekwa pembeni, kisha vyote hutiwa rangi na kubandikwa kwenye kioo. Kioo hupewa namba, namba huandikwa tena kwenye kikaratasi kilicho chini ya pini ya nondo aliyekatwa. Namba hizo mbili zikipotezana, kazi nzima imeharibika. Mtu stadi hushughulikia nondo wachache tu kwa siku, na mkono unaotetemeka haufai.

Faida ilionekana kwenye pamba. Kwa miaka mingi kiwavi aliyeharibu pamba ya Misri na kiwavi wa aina hiyo wa India waliandikwa vitabuni kwa jina moja, Prodenia litura. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Pierre Viette wa makumbusho ya Paris alifungua mafumbatio na kuonyesha kuwa ni spishi mbili: litura wa Asia na Pasifiki, na littoralis wa Afrika na pwani za Mediterania. Nondo wao hata leo hawatenganishwi kwa uhakika bila kufungua fumbatio au kusoma DNA, na wakaguzi wa mimea kwenye bandari na viwanja vya ndege vya Ulaya hulazimika kufanya hivyo. Kila ripoti ya zamani iliyosema litura bila kutunza kielelezo ikawa haina maana tena. Hakuna anayeweza kusema ilihusu yupi.

Majina ya jenasi nayo yalikuwa yakihama. Kiwavijeshi wa Afrika aliandikwa Laphygma exempta katika ripoti za mabwana shamba wa kikoloni hadi mwaka 1958, Elwood Zimmerman, akiandika kuhusu wadudu wa Hawaii, alipoziunganisha Laphygma na Prodenia ndani ya Spodoptera. Mtu anayefukua majalada ya kilimo ya Tanganyika au Kenya asipolijua hilo anaweza kudhani ni wadudu tofauti.

Exempta alikuwa na hila yake mwenyewe. Katika miaka ya mlipuko viwavi wake ni weusi tii wenye mistari, wanatembea mchana kweupe, na kwenye mita moja ya mraba wanaweza kuzidi 1,000. Mvua zikiisha hawaonekani popote. Wako wapi? Mwaka 1943 J. C. Faure wa Afrika Kusini alitoa jibu kwa kuwalea. Aliowasonga pamoja walitoka weusi. Aliowalea mmojammoja walitoka kijani au kahawia, wapole, wanaojificha kwenye mashina ya nyasi. Boris Uvarov alikuwa ameshaonyesha jambo la namna hiyo kwa nzige mwaka 1921. Kumbe viwavi wawili waliotofautiana kwa rangi na kwa tabia walikuwa spishi ileile, na wale wa kijani walikuwa wakipita mbele ya macho ya watu kila mwaka bila kutambuliwa. Umbo peke yake lingemfanya mtu aape kuwa ni wawili.

Utafiti mkubwa wa exempta ulifanyika Muguga, nje kidogo ya Nairobi, makao ya shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, EAAFRO. Kuanzia miaka ya 1960 E. S. Brown na wenzake walisimamia mtandao wa mitego ya taa katika Kenya, Uganda na Tanzania. Walitaka kujua nondo hutoka wapi na kwenda wapi, ili wakulima waonywe kabla viwavi hawajaanguliwa. Mwaka 1966 Brown na G. Swaine walichapisha ushahidi kwamba nondo huhama na upepo, na mwishoni mwa muongo huo utabiri wa kila wiki ulikuwa umeanza kutolewa.

Ila taa haichagui. Asubuhi mtego unafunguliwa na humo wamo mende, kumbikumbi, na nondo wa kila aina, wengi wamechakaa. Anayehesabu exigua au cilium, spishi nyingine za Spodoptera, akidhani ni exempta ataipelekea wilaya onyo la bure; anayefanya kinyume chake ataiacha wilaya imelala. Ndiyo maana mwaka 1975 Brown na C. F. Dewhurst walichapisha kazi kuhusu jenasi Spodoptera nzima katika Afrika na Mashariki ya Kati, wakieleza nondo na viwavi kwa pamoja. Mtambuzi wa mitego alijifunza mbinu za haraka, kwa mfano kutazama ncha ya fumbatio la dume: exempta ana magamba yenye umbo la raketi. Hakuna potasi, hakuna kioo. Lenzi ya mkononi inatosha. Ni elimu iliyotoka makumbusho ikashuka hadi kwenye meza ya karani wa mtego, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo kazi bora kabisa iliyowahi kufanywa juu ya nondo hawa katika eneo letu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, utabiri ulishushwa zaidi: wanakijiji wenyewe walitunza mtego wa harufu na kipima mvua, na kuamua kama hatari inakuja.

Bungua wa mabua walikuwa na hadithi yao sambamba. I. W. B. Nye alichapisha mwaka 1960 utafiti wa wadudu waharibifu wa nafaka Afrika Mashariki, akiwaeleza viwavi kinywele kwa kinywele. Wakati huo Chilo partellus kutoka Asia alikuwa ameshaingia Tanganyika na kusambaa. Pwani ya Kenya alimkuta ndugu yake mwenyeji, Chilo orichalcociliellus, akamsukuma pembeni taratibu. Kwa kuwa viwavi wao ni vigumu kutenganisha, mabadiliko hayo yangeweza kupita bila mtu kuyaona.

Kisha ikaja herufi.

Mwaka 2003 Paul Hebert wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, na wenzake watatu walipendekeza kwamba kila mnyama aweza kutambuliwa kwa kipande kimoja kifupi cha DNA, herufi zipatazo 650 za jeni iitwayo COI. Walikiita msimbomilia, kwa kufananisha na ile mistari myeusi ya bidhaa za dukani. Hebert mwenyewe alikuwa mtu wa nondo tangu utotoni, na jaribio lake la kwanza lilifanywa kwa nondo: spishi 200 zenye ukaribu zilisomwa, kila moja kwa kielelezo kimoja, kisha nondo wengine wa spishi hizo wakapitishwa kwenye mtihani. Wote walitambuliwa sawasawa.

Jeni hiyo haimo kwenye kiini cha seli. Imo katika mitokondria, na kila seli ina mitokondria nyingi, kwa hiyo hata mguu mmoja mkavu wa nondo hutoa DNA ya kutosha. Mguu huyeyushwa, kipande kinachotakiwa huzidishwa mara mamilioni, mashine husoma herufi, na kompyuta hutafuta zinazofanana nazo kwenye maktaba. Yai, kiwavi mchanga, bawa lililokatika, vyote hutoa jibu lilelile. Kwa mkaguzi wa bandari mwenye kiwavi wa milimita tatu ndani ya pilipili, hiyo ni nusura. Potasi isingemsaidia kitu, maana kiwavi hana via vya uzazi vya kuchunguzwa.

Shangwe ilikuwa kubwa, na upinzani vilevile. Mwaka 2004 Hebert, pamoja na Daniel Janzen na Winnie Hallwachs waliokuwa wamelea viwavi kwa miongo kadhaa huko Guanacaste, Costa Rica, walitangaza kuwa kipepeo mmoja aitwaye Astraptes fulgerator ni spishi kumi. Miaka miwili baadaye Andrew Brower alizisoma data zilezile na kusema haziungi mkono idadi hiyo. Kilichosahaulika kwenye mabishano ni kwamba hata hizo kumi hazikutokana na herufi tupu. Zilishikizwa na viwavi wenye rangi tofauti kwenye mimea tofauti, rekodi ambazo Janzen na Hallwachs walizitunza moja baada ya nyingine. Abbot angewaelewa mara moja.

Afrika nayo ilitoa mafunzo ya pande zote mbili. Kundi la Bruno Le Ru, lililokuwa katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe jijini Nairobi, lilipita kwenye nyasi pori, matete na mafunjo ya Afrika Mashariki, Madagaska na Zanzibar, likipasua mabua na kulea kilichomo. Taarifa yao ya mwaka 2006 ilikuwa na bungua wa zaidi ya spishi 100, baadhi yao wakiwa hawana jina, na katika miaka iliyofuata mafumbatio na DNA vilitumiwa pamoja kuwaeleza. Kumbe pembezoni mwa kila shamba la mahindi kulikuwa na umati usiojulikana. Upande wa pili ni Busseola fusca, bungua mkubwa wa mahindi na mtama. Mwaka 2006 ilionyeshwa kuwa DNA yake ya mitokondria imegawanyika katika makundi matatu makubwa, moja la Afrika Magharibi na mawili ya mashariki na kati. Anayetegemea herufi peke yake angepata spishi tatu. Bado anahesabiwa mmoja, aliyetenganishwa na historia ya misitu na ukame.

Hapo ndipo frugiperda anaporudi. Mwaka 1986 Dorothy Pashley alionyesha kuwa huko kwao Amerika wapo wa aina mbili, mmoja anayependa mahindi na mwingine anayependa mpunga na nyasi za malisho. Kwa macho hawatofautiki. Vimeng'enya na DNA ndivyo vilivyowatenga, na baadaye COI ikawa kipimo cha kawaida. Alipoingia Afrika swali lilikuwa la maana sana: kama ni wa mahindi tu, mpunga wa Mbeya na Mwea upo salama kidogo, kama wote wamekuja, sivyo. Nchini Ghana mwaka 2017 COI ilisema wote wawili wapo.

Rod Nagoshi wa Wizara ya Kilimo ya Marekani na washirika wake wa Afrika walisoma pia jeni nyingine, Tpi, iliyo kwenye kromosomu ya jinsi ndani ya kiini. Majibu hayakuoana. Nondo wengi wa Afrika ambao COI iliwaita wa mpunga walikuwa wa mahindi kwa Tpi, na kwa kweli walipatikana kwenye mahindi. Maelezo yanayokubalika ni mchanganyiko: mitokondria hurithiwa kwa mama tu, hivyo jike wa mpunga akizaa na dume wa mahindi, na vizazi vikaendelea kuoana upande huo, watoto hubaki na mitokondria ya bibi yao huku karibu kila kitu kingine kikiwa cha mahindi. Uchunguzi wa jenomu nzima uliofuata uliitia mashaka hata ile picha ya uvamizi mmoja ulioanzia Afrika Magharibi na kuenea mashariki hadi India mwaka 2018. Njia za kuingia zinaonekana kuwa kadhaa.

Mitokondria ina udhaifu mwingine. Bakteria aitwaye Wolbachia huishi ndani ya seli za wadudu wengi na hupitia yai kama mitokondria zinavyopitia. Akienea katika spishi hueneza pamoja naye mitokondria ya jike aliyeanza naye, na herufi za COI zinaweza kufanana, au kutofautiana, kwa sababu zisizohusiana na spishi.

Vielelezo vya zamani sasa vimegeuka mali upya. Kielelezo cha Walker au cha Hampson hakiwezi kusema ni nani kwa maelezo ya mistari mitatu, lakini kinaweza kukatwa mguu. DNA ya nondo wa miaka 150 imevunjikavunjika, na mashine za leo husoma vipande vifupi na kuviunganisha. Kila safari hiyo ikifanikiwa, jina la zamani linafungwa kwenye herufi zake halisi. Isipofanyika, maktaba ya misimbomilia hubeba majina yaliyobandikwa kwa kukisia, na kompyuta huyarudia kwa uhakika uleule inaorudia nao ya kweli.

Huko Togo watafiti waliotundika mitego ya harufu ya frugiperda walikuta ndani yake nondo wengi wa spishi nyingine, Leucania loreyi, waliovutwa na vidonge vilevile. Ukihesabu vichwa tu, shamba linaonekana limevamiwa kuliko lilivyo. Loreyi ana bawa la rangi ya nyasi kavu lisilo na mapambo, dume wa frugiperda ana baka lake jeupe karibu na ncha, na mtu aliyefundishwa mara moja huwatenga haraka asubuhi. Wakikaa wiki nzima ndani ya mtego magamba hupukutika wote wakafanana, na hapo humaliziwa kwa fumbatio lililochemshwa au kwa mguu mmoja uliotumwa maabara.